Simu za wadai baada ya kufilisika

Wiki mbili nimekuwa kimya, kazi ilinibana. Leo naacha habari za vifaa vipya niongee juu ya jambo linalonikera, tena jambo ambalo mkono wangu umo.

Binamu yangu alifilisika mwaka jana. Si kufilisika kwa mdomo, la! Alipeleka ombi Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, akapata amri. Duka lake la vipuri lilikuwa limeanguka na mikopo ya simu alikuwa nayo tisa. Amri ikishatoka, mdai hana ruhusa ya kumwandama mtu moja kwa moja. Anapeleka dai lake kwa msimamizi wa mali na kungoja pamoja na wenzake. Basi tukadhani simu zitanyamaza.

Wapi! Asubuhi, mchana, saa tatu usiku. Siku moja ikaingia kwangu: "Mwambie ndugu yako alipe leo." Mimi sikuwahi kumdhamini. Nambari yangu ilinakiliwa kutoka kwenye simu yake mwaka 2021, siku aliyobonyeza "kubali" akitafuta shilingi elfu tatu.

Sasa niwaambie ninachokijua. Zamani kidogo niliandika programu ya aina hiyo kwa kampuni moja hapa Nairobi. Kila siku saa nane usiku inapitia jedwali la mikopo, inatoa waliochelewa na kupanga orodha ya kupigiwa asubuhi. Hali ya mkopo ilikuwa na majibu matatu tu: unaendelea, umechelewa, umelipwa. "Amefilisika" haikuwemo. Hata "amefariki" haikuwemo, na wajane walipigiwa. Anayepiga simu haoni amri ya korti. Anaona siku 47 na kitufe cha kijani. Ukimtajia nambari ya kesi, hana mahali pa kuiandika. Kesho anapiga mwingine, mnaanza upya. Kuongeza safu moja ni kazi ya alasiri moja. Sikuiongeza kwa sababu hakuna aliyeniomba.

Najua kuna atakayesema dawa ya deni kulipa. Sawa, lakini aliyefilisika hatakiwi kujichagulia nani alipwe. Akimlipa anayepiga kelele zaidi, anawapunja wengine wanane. Na atakayesema kila mtu atajidai amefilisika, amri ni hati ya korti na ina nambari. Iangalie.

Sheria hazikosekani. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza vitisho, matusi na kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mkopaji. Google nao mwaka 2023 walizizuia programu za mikopo kusoma majina hayo. Vizuri, ila orodha iliyokwisha kunakiliwa haifutiki eti kwa sababu ruhusa imefungwa.

Binamu sasa habishani kwenye simu. Anamtumia kila mdai nakala ya amri kwa barua pepe, anamtaja msimamizi, anaandika tarehe na saa ya kila simu. Mimi nimedai nambari yangu ifutwe, haki ninayopewa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Wasipojibu, nakwenda kwa Kamishna wa Data.

Hii ni wiki ya tatu. Jana walipiga saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi.