Vijana Wetu na Sosholojia ya Utandawazi
Wapo wazee wetu wanaowaonya vijana wasisome shahada ya uzamili katika sosholojia ya utandawazi, wakihofu imani itapotea darasani. Hofu yao twaielewa, lakini hatukubaliani nao. Jamii zinazovuka mipaka si ngeni kwetu: Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta masharifu wa Hijazi katika baraza la Sultani. Naye Ibn Khaldun aliandika Muqaddima mwaka 1377, zaidi ya karne nne kabla Auguste Comte wa Ufaransa hajalieneza jina la sosholojia. Tukijitenga na elimu hii, mahujaji wetu, misikiti yetu na fedha wazitumazo nyumbani ndugu zetu walioko Maskati na London vitaendelea kuelezwa na wasiotujua. Mzazi mwenye uwezo na amlipie mwanawe ada. Na kijana, inshallah, asiache swala ya jamaa huko aendako.