Harufu ya Yai Viza ni Onyo



Familia iliyo karibu na bahari, iwe Kunduchi au Kigamboni, yaweza kupata kitoweo na ada ya shule kwa kufuga mwatiko katika bwawa la maji ya chumvi. Kazi hiyo twaiunga mkono. Ila yafaa kwanza tuelewe harufu inayotoka kwenye tope la bwawa.

Mabaki ya chakula na mavi ya samaki huzama na kuoza. Tope likikosa hewa, bakteria fulani huchukua salfeti iliyomo katika maji ya bahari, karibu gramu 2.7 kwa kila lita, wakatoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Ndiyo inayonuka kama yai viza. Tope huwa jeusi, na samaki hufa.

Mungu ameweka pia bakteria wengine, ambao huigeuza gesi hiyo kuwa salfeti tena, isiyodhuru samaki. Mtaalamu Sergei Winogradsky aliieleza kazi yao mwaka 1887. Lakini wengi wao huhitaji oksijeni. Ukiwamwaga kutoka chupani katika bwawa lisilo na hewa, umetupa fedha.

Maoni yetu ni haya: tengeneza bwawa kwanza. Lisha kwa kipimo. Badilisha maji wakati wa bamvua. Ukishavuna, lianike bwawa juani mpaka tope lipasuke.

Kubwa zaidi ni uhai wa watu. Bwawa la wazi hupata upepo, lakini tangi lenye kifuniko na karo la choo, kama yaliyojaa mitaani kwetu Mbagala na Tandale, hufungia gesi hiyo hiyo ndani. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Ikizidi huitia pua ganzi, mtu akadhani imekwisha. Anayeshuka huanguka, anayemfuata kumwokoa, naye huanguka.

Basi tusimtume kijana maskini ashuke shimoni kwa sababu tu ujira wake ni mdogo kuliko gharama ya gari la kunyonya maji machafu. Huko ni kuuza uhai wa jirani. Mtu akianguka, usimfuate. Wapigie Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

Jumapili hii, tukitoka kanisani, tuwaeleze watoto wetu. Pua ikinusa yai viza, miguu irudi nyuma.