Nyumba ya watu 100: Dublin wameihifadhi, sisi je?

Ukitaja nyumba ya kihistoria, wengi wetu tunawaza kasri la sonko fulani na kibao cha "usiguse". Lakini nyumba ambayo ningependa Nairobi iige ni nambari 14, Henrietta Street, jijini Dublin, Ireland. Na si kwa sababu ya matajiri wake.

Luke Gardiner aliijenga mwishoni mwa miaka ya 1740, enzi za wafalme walioitwa George: matofali, madirisha marefu, vyumba vipana vya familia moja ya mabwanyenye na watumishi wao. Kisha bunge la Ireland likafutwa, nchi ikaunganishwa na Uingereza mwaka wa 1801, na wenye hela wakaanza kuhamia London.

Mwaka wa 1877, landilodi Thomas Vance aling'oa ngazi kuu na kuigawa nyumba hiyo mara 19, akapangisha. Sensa ya 1911 ilikuta watu 100 ndani. Mia moja! Kama umekulia kwenye ploti, huhitaji kuchorewa picha.

Wapangaji wa mwisho walitoka miaka ya 1970. Baadaye serikali ya jiji iliichukua, ikaikarabati kwa zaidi ya miaka 10 na kuifungua kama makavazi mwaka wa 2018. Hapo ndipo nawavulia kofia. Hawakufuta maisha ya wapangaji ili warudishe urembo wa mabwanyenye. Rangi nyekundu na buluu za ukutani ziliachwa. Waliowahi kuishi humo waliulizwa, na kumbukumbu zao ndizo roho ya makavazi yenyewe.

Sasa turudi kwetu. Nyumba ya Karen Blixen imekuwa makavazi tangu 1986. Sawa, hakuna ubaya. Lakini Kaloleni, iliyojengewa wafanyakazi Waafrika miaka ya 1940, inazungumziwa tu kama ploti ya kujenga maghorofa.

Najua utasema watu wanahitaji nyumba mpya. Ni kweli, na hakuna anayetaka wazee waendelee kuishi kwenye nyumba zinazovuja ili sisi tupige picha. Jengeni. Lakini acheni hata nyumba chache zisimame, na kuta zake zilivyo. Na kabla tingatinga halijafika, wazee wa mtaa warekodiwe. Nyumba inaweza kujengwa upya. Mzee akienda, ameenda na hadithi yake.