Tusiache ekipe yetu juu inapigwa



Siku ya posho iliyopita ekipe ya masomo yetu ilipigwa magoli tano kwa bila. Munajua tayari, juu habari mubaya haingojei barua. Ni matshi ya sita tunapoteza kwa kufuatana tangu mwaka wa masomo uanze. Lakini si zile magoli tano zinanisukuma kuandika leo. Kitu kinachonisukuma ni kingine. Wakati goli ya tatu ilipoingia, niligeuka kuangalia nyuma, nikaona wanafunzi wanatoka kiwanjani, wawili wawili, watatu watatu, wanacheka. Wakati wa goli ya ine tulibaki labda watu makumi mawili. Kisha hata mimi nilisimama. Nilijiambia kwamba niko na kazi ya hesabu ya kumaliza. Ndiyo, mimi mwenye kuandika ukurasa huu nilitoka mbele ya mwisho. Ninapenda kusema neno hili kwanza, ili mutu asifikiri ninajifanya mwenye haki.

Magaribi, ku interna, nilimukuta mulinda-goli wetu anafua mayo yake peke yake. Nilimuambia: «Pole, ndugu. Leo ilikuwa nguvu.» Alinijibu bila kuniangalia: «Magoli nilishazoea. Migongo yenu njo ilinimaliza.»

Sikupata jibu. Nilitafuta ndoo nikaenda zangu.

Na haikuishia pale. Siku ya kwanza ya juma tulikuta jina lake limeandikwa na makala ku ukuta, nyuma ya kalasi, na hesabu 5 pembeni. Tena tunasikia kwamba katika komite ya wanafunzi wengine wanataka ekipe iondolewe katika mashindano, na ile falanga kidogo ya kununua balo na mayo itiwe kwa kazi nyingine. Mukutano utafanyika juma hili linalokuja. Kwa hiyo ninaandika sasa, mbele ya mukutano, si kisha.

Wanaotaka kuivunja wanasema nini? Wanasema: «Mutu anafuata kile kinachoshinda. Juu ya nini tuteseke na watu wasiojua kupiga balo?» Na wengi wa wale wanaosema hivi wanavaa mayo nyeusi na nyeupe ya Mazembe. Vizuri. Hata mimi ninaipenda Mazembe, sitaficha. Lakini niwaulize neno moja. Ekipe ile, wakati ilipoitwa bado Englebert, ilichukua kombe ya mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na mwaka 1968. Kisha ile kombe ilirudi Lubumbashi mwaka gani? Mwaka 2009. Muhesabu wenyewe: miaka 41. Ni kweli, katikati walipata kombe ingine ya Afrika, mwaka 1980, lakini ile kubwa waliingoja miaka 41. Kijana aliyepiga kelele kiwanjani mwaka 1968 alikuwa muzee wakati wa 2009. Kama babu zetu wangetoka kiwanjani wote kwa goli ya tatu, mwaka 2010 ni nani angepeleka ile ekipe mpaka kucheza fainali ya klabu za dunia nzima mbele ya Inter ya Milano? Mayo munayovaa leo kwa majivuno, wengine waliivaa wakati ilipokuwa inachekwa. Wale ndio waliwawekea ile furaha, kama mutu anavyoweka mbegu.

Tukumbuke vilevile Leopards wa 1974. Wazee wetu wanatuelezea mwanzo wa ile habari kwa furaha, kisha wanapunguza sauti. Mwezi wa tatu wa mwaka ule walichukua kombe ya Afrika kule Misri. Ndaye Mulamba alitia magoli 9 katika mashindano yale mamoja, na mpaka leo hakuna mutu amemupita. Inchi nzima iliwabeba. Miezi mitatu tu kisha, kule Ujerumani katika kombe ya dunia, walipigwa na Ekose 2-0, na Yugoslavia 9-0, na Brazili 3-0. Siku ya Yugoslavia, mulinda-goli Kazadi alitolewa kisha magoli tatu, na yule aliyeingia pahali pake akapata sita. Ni watu wangapi waliuliza yale yaliyotokea nyuma ya mulango, maneno ya falanga waliyoahidiwa na hawakuipata? Wachache. Siku ya Brazili, Mwepu Ilunga alitoka mbio ndani ya ukuta akapiga balo mbele ya arbitri kutoa ruhusa, na dunia ikacheka, ikasema hawa hawajui hata sheria. Yeye mwenyewe alieleza kisha ya miaka mingi kwamba sheria aliijua vizuri, ni hasira ilimusukuma. Waliporudi nyumbani hawakupokelewa tena kama mashujaa. Wengi wao walizeeka katika umasikini. Ndaye alipigwa risasi ya muguu na majambazi mwaka 1994, akakimbilia Afrika ya Kusini, akafia kule mwaka 2019.

Ninauliza: wale watu waliopigwa 9-0 walikuwa watu wengine kuliko wale wa kombe ya Afrika? Miguu ilikuwa ile ile. Kitu kilichobadilika ni siye tuliokuwa tunaangalia.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitusomea habari ya ekipe moja ya Marekani, kule Chicago, inayoitwa Cubs, ni kusema watoto wa dubu. Hawachezi na miguu. Muchezo wao ni beisiboli: mumoja anatupa balo ndogo na nguvu, mwingine anaipiga na fimbo, kisha anakimbia kuzunguka kiwanja akirudi pale alipotoka. Hakuna saa ya kumaliza. Wanacheza mpaka mumoja ashinde. Na kwa mwaka mumoja kila ekipe inacheza matshi 162. Mujiulize basi maana ya kufuata ekipe inayopoteza katika muchezo wa namna hii. Si mara moja kwa posho. Ni karibu kila siku, tangu mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwezi wa tisa.

Wale Cubs walichukua kombe kubwa mwaka 1907 na mwaka 1908. Kisha basi. Mwaka 1945 walifika tena kwa fainali, wakapoteza. Mwaka 1969 walikuwa mbele miezi mingi, wakapitwa kwa mwisho. Mwaka 1984 walibakiza ushindi mumoja tu ili waingie fainali, wakapoteza matshi tatu kwa kufuatana. Hata mwaka 2012 walipoteza matshi 101. Lakini katika mwaka ule ule wa 2012 watu zaidi ya milioni 2 walilipa falanga yao kuingia katika kiwanja chao cha zamani, Wrigley Field, kilichojengwa mwaka 1914. Baba alimupeleka mutoto, yule mutoto akamupeleka mutoto wake. Kila mwaka walipopoteza walisema ni mwaka unaokuja.

Mwaka unaokuja ulifika mwaka 2016. Walikuwa wamepigwa mara tatu na Cleveland, wao wameshinda mara moja tu. Walishinda mbili zilizofuata. Katika ya saba, ya mwisho, mvua ilisimamisha muchezo dakika 17, wakarudi wakashinda 8 kwa 7. Ilikuwa imepita miaka 108. Na watu wa Chicago walifanya nini? Walikwenda ku kuta za kiwanja na vipande vya chokaa wakaandika majina ya baba zao, mama zao na babu zao, wale waliopenda ile ekipe maisha yao yote wakafa bila kuona kitu. Ukuta mzima ulijaa majina. Mutu mumoja alipanda motokari akaenda mbali mpaka ku kaburi ya baba yake, akakaa pale usiku na redio, ili wasikilize pamoja.

Wapenzi, muone tofauti. Kule, walichukua chokaa wakaandika ku ukuta majina ya wale waliobaki. Hapa kwetu, tulichukua makala tukaandika ku ukuta jina la yule aliyepigwa.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba wale watu ni malaika. Mwaka 2003 walibakiza kidogo sana ili wafike fainali. Walikuwa mbele 3 kwa bila. Balo moja ilikuja pembeni, karibu na watu waliokaa, na musapoteri mumoja, mwenye kofia ya ekipe yake, akanyoosha mukono kama wengine, akaigusa mbele muchezaji wao hajaikamata. Kisha ya pale mambo yaliharibika, wakatiwa 8. Watu wote walimutupia yule mutu pombe na matusi, mpaka alitolewa kwa ulinzi, na nyumba yake ikachungwa na polisi. Lakini yeye hakutupa balo hata moja siku ile. Muchezaji wao mwenyewe aliachilia balo rahisi ndani ya mikono, na kesho yake walikuwa na matshi ingine ya kujitengeneza, wakaipoteza vilevile. Klabu yenyewe ilitambua haki yake kwa kuchelewa, ikamupa pete ya ushindi mwaka 2017. Kupenda ekipe si kutafuta mutu wa kutwika muzigo. Yule anayefanya hivi hapendi ekipe, anapenda ushindi tu, na ushindi ukikosekana anataka damu.

Najua mutanijibu. Rafiki yangu wa kalasi ya sita ameshanijibu: «Ukipiga mikono kila mara, hata wakicheza mubaya, watajuaje kama wanacheza mubaya? Mutavunja ekipe na upole wenu.» Neno hili lina nguvu, na sitalipita mbio. Hata kule Chicago watu wengi walisema hivyo: kiwanja kinajaa, falanga inaingia, wakubwa wa klabu wanakosa haraka ya kutengeneza. Ni kweli inaweza kuwa hivyo. Lakini nijibu: kubaki si kunyamaza. Mama akibaki karibu na mutoto mugonjwa, hasemi kwamba ugonjwa ni muzuri. Anabaki, na anatafuta dawa. Yule aliyetoka kwa goli ya tatu hawezi kusema kwa haki kilichoharibika, juu hakuona. Sisi tunaobaki ndio tuko na ruhusa ya kusema.

Basi tuseme. Ekipe yetu iko na balo moja tu, na ile balo imeshonwa mara mbili. Wanajizoeza mara moja kwa juma, kisha ya kazi ya mikono, wakati wamechoka. Wawili wanacheza bila viatu. Nyuma, upande wa kushoto, kila matshi tunaweka mutu mwingine. Na kapiteni wetu, ninamuheshimu, anapiga kelele kwa wadogo zaidi ya kuwaonyesha. Maneno haya yanaweza kutengenezwa. Jina ku ukuta halitengenezi hata moja.

Tuko katika masomo ya Wakristo, kila asubui tunaimba pamoja. Tunajua habari ya Ruta, aliyebaki na mama-mukwe wake wakati hakukuwa tena faida ya kubaki. Tunajua Petro, aliyekuwa na sauti kubwa ku meza, kisha akaogopa kijakazi karibu na moto. Tunayasoma ndani ya temple, kisha siku ya posho mchana tunatoka kwa goli ya tatu. Mutasema: ni balo tu, si imani. Ndiyo, ni balo tu. Lakini moyo ni ule ule. Yule anayezoea kutoka wakati mwenzake anapigwa kiwanjani, siku rafiki yake atafukuzwa kazi, ao baba yake ataanguka ugonjwa murefu, atapata wapi nguvu ya kubaki? Vitu vikubwa tunajizoeza ndani ya vidogo.

Kwa hiyo ninaomba maneno matatu. Kwa komite: musiondoe ekipe katika mashindano, na falanga ya balo ibaki falanga ya balo. Kwa yule aliyeandika ku ukuta, sitafuti jina lake: achukue maji na kitambaa, apanguse, bila mutu kumuona. Na kwa siye wote: matshi inayokuja ni siku ya posho, saa tisa, hapa kwetu. Tufike, na tubaki mpaka arbitri apige filimbi ya mwisho. Tukipoteza, tutapoteza tukiwa wengi.

Mimi nitakaa nyuma ya goli yetu, pale ambapo mulinda-goli akigeuka ataona nyuso. Nilimuambia tayari jana. Aliniangalia, akasema: «Tutaona.» Yuko na haki ya kusema vile.

Mwanafunzi wa kalasi ya tano