Umeme umezidi, mbona Korongo la Kihansi bado lina kiu?

Kwa zaidi ya miaka 20, kila jina la Kihansi linapotajwa mijini watu hucheka. Huulizana ni nchi gani hii inayomfungia chura mabomba ya maji ilhali wananchi wake wanachota visimani. Kicheko hicho kina sababu zake, lakini kimetuzuia kuuliza jambo la maana zaidi: je, bado kuna ulazima wa kuuchukua Mto Kihansi karibu wote?

Asafiriye kutoka Ifakara kuelekea Mlimba, akiipita Idete na mashamba yake ya mpunga, huwa na milima ya Udzungwa mkono wake wa kulia. Kihansi ni mmoja wa mito inayoshuka huko, nao kabla ya kufika bondeni huporomoka takriban meta 850 katika korongo jembamba. Manyunyu ya maporomoko hayo yaliilowesha miamba usiku na mchana, mwaka mzima, na katika unyevu huo ikastawi mimea adimu. Miongoni mwake umo mti wa kahawa ya porini ambao wataalamu waliutangaza rasmi mwaka 2004 kwa jina la Coffea kihansiensis. Humo pia ndimo aliishi chura wa rangi ya dhahabu, asiyefikia urefu wa sentimeta tatu, asiyetaga mayai bali huzaa watoto walio hai. Makazi yake yote yalikuwa kama hekta mbili tu.

Chura huyo aligunduliwa mwaka 1996, wakati ujenzi wa mtambo wa megawati 180, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na fedha za wahisani wa Ulaya, ulikuwa umekwisha kuanza. Hapo ndipo penye kasoro. Mkataba ulitangulia, utafiti ukafuata. Mtambo ulipowashwa, takriban asilimia 90 ya maji yaligeuziwa njia na manyunyu yakakoma. Mabomba ya kunyunyizia yakafungwa, na kufikia katikati ya mwaka 2003 vyura walikaribia 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa karibu wameisha. Kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura ilionekana korongoni, na wanasayansi wameendelea kubishana iwapo iliua peke yake. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Aliokolewa na vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000, wakazaliana katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Kundi la kwanza lilirejea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Ni haki kukumbuka mazingira ya siku zile. Megawati 180 zilikuwa sehemu kubwa ya umeme wa taifa, na aliyekaa gizani wakati wa mgawo wa mwaka 2006 hakuwa na subira na habari za chura. Lakini leo Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024, limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Kihansi haifikii hata sehemu moja ya kumi ya hizo. Machi 2024 Tanesco yenyewe ilizima vituo vitano vya umeme wa maji kwa kuwa umeme ulikuwa umezidi mahitaji.

Zaidi ya hayo, maji ya Kihansi huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji. Tone linaloachwa lishuke korongoni halipotei. Litazungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere huko mbele. Mhandisi atajibu, na kwa haki, kwamba tone hilo hilo likianguka meta 850 hutoa nguvu nyingi zaidi kuliko huko chini. Kweli. Ila hoja hiyo ina uzito wakati umeme haba, si wakati mitambo inazimwa. Hakuna anayedai Kihansi ifungwe. Kinachowezekana ni kuongeza maji ya korongo miezi ya masika.

Wapo wanaopendekeza korongo lifunguliwe kwa watalii ili lijilipie. Tahadhari inahitajika, kwa kuwa kuvu husafiri hata kwa tope la viatu, na makazi ya hekta mbili hayahimili msururu wa wageni. Tena mradi wa mazingira uliogharimiwa na Benki ya Dunia ulimalizika mwaka 2011. Matunzo ya mabomba ni mzigo wetu wenyewe, na maji yanayoshuka yenyewe hayahitaji fundi.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 huyaweka mahitaji ya mazingira mara baada ya yale ya binadamu, mbele ya umeme. Vibali vya maji ya mto huu viko mikononi mwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye ofisi Iringa.