Asiyekubali Kushindwa Si Mshindani

Msomaji aliyewahi kufika Chokocho, kusini mwa kisiwa cha Pemba, anaijua pwani yetu. Hapo ndipo wanapopandia vyombo wasafiri wa Kisiwa Panza, na asubuhi huwezi kupita bila ya kusalimiana na nusu ya jamaa zako. Nilikuwa huko msimu wa karafuu. Jioni moja, tukiwa barazani kwa kaka yangu baada ya sala ya alasiri, wakatokea vijana watatu wa timu ya kandanda ya kijijini. Nahodha wao, mtoto wa dada yetu, alikuwa amekumbatia mkoba wa ukili. Ndani yake mlikuwa na jezi za timu, zimefuliwa na kukunjwa vizuri kama nguo za sikukuu.

"Shikamooni, wajomba."

"Marahaba. Mkoba huo wa nini?"

"Tumekuja kuzirejesha jezi. Timu tumeivunja."

Kaka yangu ndiye mlezi wa timu ile, na nusu ya bei ya jezi hizo ilitoka mfukoni mwake. Hakusema neno. Kijana akaeleza mwenyewe. Wamecheza mechi tisa na wamefungwa zote tisa. Zimesalia tatu. Watoto wadogo wa skuli wamewatungia jina la mzaha, na mama zao wanataniwa wanapokwenda kununua samaki. Wenzao wanne wameshaacha kuja mazoezini. "Kuliko kuendelea kuaibika," akasema, "bora tukae majumbani."

Kaka yangu akanyoosha mkono kuupokea mkoba. Nikamwomba auache kwanza pale kwenye jamvi. Nikawaambia vijana wakae, maana nilikuwa na hadithi ya timu nyingine, ambayo si ya Pemba wala ya Unguja, na ambayo hasara yake imezidi yao. Hadithi yenyewe ndiyo ninayotaka kuwasimulia wasomaji wa ukurasa huu Jumapili ya leo.

Kaskazini ya Uingereza, karibu na Manchester, uko mji uitwao Rochdale. Waliopata kusoma mambo ya ushirika wanalijua jina hilo. Huko, mwezi wa Desemba 1844, watu 28, wengine wao wafumaji wa vitambaa, walifungua duka lao wenyewe katika njia iitwayo Toad Lane. Kila mmoja alitoa pauni moja. Waliuza siagi, sukari, unga wa ngano na unga wa shayiri. Kanuni walizojiwekea, kila mwanachama kura moja na faida kugawanywa kwa kadiri ya manunuzi, zimeenea ulimwengu mzima na kufika hata kwetu. Lakini mji huo huo una klabu ya mpira, iliyoanzishwa mwaka 1907, na habari za klabu hiyo hazimo katika vitabu vya ushirika.

Mwaka 1921 Waingereza walipounda Daraja la Tatu la Kaskazini katika ligi yao, Rochdale walikuwa miongoni mwa timu za mwanzo. Daraja hilo lilikuwa la klabu za miji ya viwanda na makaa ya mawe, ambazo watazamaji wake walikuwa wafanyakazi waliotoka kazini Jumamosi mchana. Timu moja tu, bingwa, ndiyo iliyopanda kila mwaka. Waliobaki walirudi pale pale walipokuwa.

Msimu wa 1931 hadi 1932 ulikuwa wa dhiki kubwa. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Uingereza ilikuwa na watu wasio na kazi wapatao milioni tatu, na miji ya pamba kama Rochdale iliumia zaidi kuliko mingi. Hata sisi Pemba hatukusalimika, maana bei ya karafuu nayo iliporomoka miaka hiyo hiyo, na wazee wetu walichuma kwa jasho lile lile wakapata pungufu. Mtu asiye na mshahara hana pesa ya kiingilio, na klabu isiyo na viingilio haina pesa ya wachezaji wazuri.

Mwezi wa Novemba 1931 Rochdale waliifunga timu ya New Brighton mabao matatu kwa mawili. Furaha hiyo ndiyo waliyokaa nayo kwa muda mrefu, kwani baada yake walifungwa. Wakafungwa tena. Ikaja Krismasi wakafungwa, ukaingia mwaka mpya wakafungwa, ikapita Januari, ikapita Februari. Walipoteza mechi kumi na saba za ligi mfululizo. Mwezi wa Machi 1932 ndipo walipopata sare ya bao moja kwa moja, na waliotoka nao sare walikuwa hao hao New Brighton.

Hapo mmoja wa vijana akacheka, kisha akajizuia. "Kumi na saba, mjomba?"

"Kumi na saba. Na msimu haujesha."

Nikawatajia hesabu yote. Walicheza mechi 40. Walishinda nne, wakatoka sare tatu, wakafungwa 33. Walitia mabao 48 na kufungwa mabao 135, yaani zaidi ya matatu katika kila mechi. Siku hizo ushindi ulikuwa na pointi mbili na sare pointi moja, kwa hiyo jumla yao ilikuwa pointi 11. Walishika mkia, na aliye juu yao alikuwa mbali nao.

Nahodha akasema, na nilipenda kwamba alisema bila ya kunionea haya: "Lakini wale walikuwa wakilipwa, mjomba. Ni kazi yao. Sisi tunakwenda kuaibika bure."

Nilimkubalia kwamba walilipwa. Ila malipo yenyewe hayakuwa ya kutajirisha. Kanuni za ligi wakati huo hazikumruhusu mchezaji yeyote, hata awe hodari namna gani, kupokea mshahara wa zaidi ya pauni 8 kwa wiki, na mchezaji wa klabu ndogo aliweza kupata chini ya hapo. Tena mshahara haumzuii mtu asisikie anapozomewa. Mchezaji wa Rochdale aliishi katika mji ule ule uliomzomea Jumamosi, na Jumatatu alipita njia zile zile.

"Basi tuseme tumeondoka," akaendelea. "Nani atakayedhurika? Timu nyingine zitafurahi kupumzika."

Swali hilo ni la maana, ndugu msomaji, na jibu lake limo katika msimu huo huo. Katika daraja hilo hilo ilikuwamo klabu ya mji wa jirani, Wigan Borough. Nao walikuwa wameingia katika ligi mwaka 1921, na mwaka huo madeni yaliwaelemea. Mwishoni mwa Oktoba 1931, baada ya kucheza mechi 12, walijiuzulu na kuiacha ligi katikati ya msimu. Kabla yao hakuna klabu iliyokuwa imefanya hivyo.

Sasa tazameni kilichofuata. Kwa kuwa Wigan Borough hawakumaliza, matokeo yao yote yalifutwa. Timu iliyokwisha kuwafunga ilinyang'anywa pointi zake mbili, ingawa ilizipata kwa haki na kwa jasho. Mchezaji aliyetia bao katika mechi ile, bao lake likawa halimo tena katika hesabu. Watu walisafiri, walicheza, walishangilia, na mwishowe ikahesabiwa kwamba siku hiyo haikuwapo. Ndiyo maana mwaka huo timu zilibaki 21 na kila moja ikacheza mechi 40 badala ya 42.

Siwalaumu Wigan Borough. Deni ni deni, na mtu aliyefilisika hawezi kulazimishwa kusimama. Lakini kisa chao kinatuonyesha kwamba anayeondoka katikati haondoki peke yake. Huondoka na vitu vya wenzake.

Liko jambo jingine. Mwisho wa msimu huo Lincoln City na Gateshead walikuwa sawa, kila mmoja na pointi 57. Ubingwa uliamuliwa kwa hesabu ya mabao, na Lincoln ndio waliopanda. Fikirini sasa lau Rochdale nao wangalisema wamechoka kuaibika. Pointi na mabao yaliyopatikana kwao yangalifutwa, na mizani hiyo iliyokuwa imelingana ingalichezewa na watu ambao hawana tena haja nayo. Katika ligi ambayo bingwa alijulikana kwa hesabu ya mabao, kila mechi ya timu ya mkiani ilikuwa na uzito kama ya timu ya juu. Rochdale walikuwa wamewaahidi wenzao ishirini kwamba watacheza nao mara mbili kila mmoja, nyumbani na ugenini. Ahadi hiyo waliitimiza yote, ingawa karibu kila mara waliitimiza kwa kufungwa.

"Na baadaye?" akauliza kaka yangu. Kumbe naye alikuwa akisikiliza.

Baadaye iliwabidi waombe upya nafasi yao. Kwa kawaida ya siku hizo timu za mwisho hazikuteremshwa moja kwa moja. Zilirudi mbele ya klabu wenzao kuomba kubakishwa. Rochdale walibakishwa, na mwezi wa Agosti 1932 walikuwa uwanjani tena, wakianza na sifuri kama timu nyingine zote. Miaka thelathini baada ya msimu ule wa aibu, mwaka 1962, klabu hiyo hiyo, ikiwa katika daraja la nne, ilifika fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza. Norwich City wakawafunga mabao manne kwa bila katika mechi mbili. Hata hivyo kufika fainali ukitokea daraja la chini kabisa la ligi si jambo dogo. Mwaka 2023 ndipo walipoteremka na kutoka katika ligi waliyoingia mwaka 1921. Ni miaka 102. Timu iliyofungwa mara kumi na saba mfululizo ilidumu zaidi ya umri wa binadamu.

Nitakiri kwamba majina ya namna hiyo hayavutii. Huko Dar es Salaam, Young Africans ilipoanzishwa mwaka 1935, na wenzao wa mwaka 1936 walipokuja kujiita Sunderland kabla ya kuwa Simba mwaka 1971, jina lililochukuliwa lilikuwa la klabu iliyokuwa bingwa wa Uingereza mwaka huo wa 1936. Sijasikia popote katika pwani yetu timu iliyojiita Rochdale. Kila mtu hutaka jina la mshindi. Lakini ligi haiwezi kuundwa na washindi watupu. Lazima awepo wa mwisho, na huyo wa mwisho ana kazi yake, nayo ni kuja uwanjani siku iliyopangwa akiwa na watu kumi na mmoja.

Hapa nataka niseme kidogo na wazazi wenzangu, hasa wa mijini, ambao ndio wasomaji wengi wa ukurasa huu. Tunawafundisha watoto wetu kushinda, na ni vyema. Mtoto akirudi na alama nzuri tunamnunulia zawadi. Lakini akirudi amefungwa, mara nyingi sisi ndio wa kwanza kumcheka, au kumwambia aache mchezo usiomfaa. Kisha tunashangaa anapokuwa mtu mzima akaacha chuo kwa mtihani mmoja, akaacha kazi kwa neno moja la msimamizi, akajitoa katika mchezo wa upatu baada ya kupokea zamu yake, huku wenzake wakisubiri zao. Tabia hiyo hakuizua ukubwani. Alijifunza kwetu kwamba kushindwa ni sababu ya kutosha ya kuivunja ahadi.

Wazee walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mara nyingi tunalitumia neno hilo kumnyamazisha mtu anayegombana na refa. Mimi nadhani lina maana pana zaidi. Anayekubali kushindwa hubaki uwanjani, na kwa kubaki kwake mashindano yanakuwapo. Hata wale watu 28 wa Toad Lane hawakujua kama duka lao litamaliza mwaka. Walichokijua ni siku ya kufungua mlango, nao wakaufungua.

Nirudi barazani. Nilipomaliza, jua lilikuwa limeshuka na muadhini alikuwa karibu kuadhini. Hakuna aliyesema kwamba amekubali. Vijana wa siku hizi hawapendi kuonekana wamekubali. Nahodha aliinuka, akapangusa suruali yake, akaaga kwa adabu. Walipofika njiani akarudi peke yake, akauchukua mkoba kwenye jamvi, akaondoka nao bila ya kututazama. Kaka yangu alitazama upande mwingine makusudi.

Wiki ile ile walivuka kwenda kucheza Kisiwa Panza. Wawili kati ya wale wanne walioacha mazoezi walionekana chomboni. Walirudi magharibi, na sisi tukawangoja pwani kama watu waliokuja kwa shughuli nyingine. Walikuwa wamefungwa mabao mawili kwa moja. Bao hilo moja walilisimulia tangu chombo hakijatia nanga, kila mtu kwa namna yake.

Asubuhi nilipopita kwa dada yangu nikamkuta nahodha uani, ameinamia beseni, anafua jezi. Nikamuuliza habari za jana. Hakuacha kufua.

"Zimebaki mbili, mjomba," akasema.