Sidiria Nayo Ianikwe Juani

Leo safu yetu ya afya inazungumza juu ya nguo ambayo hatupendi kuitaja mbele za watu. Nguo hiyo ni sidiria. Mimi ni binti mdogo. Mama zangu wengi mnaosoma gazeti hili mmenizidi umri na mmelea watoto wengi. Lakini kazi yangu ni utabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji. Jambo hili tusiposema sisi wa zahanati, nani atalisema?

Maoni yangu ni haya. Jinsi tunavyofua na kuanika sidiria vijijini, hasa zile zenye sponji ndani, tunajitafutia magonjwa. Chanzo kikubwa si umaskini, wala si ukosefu wa sabuni. Chanzo ni aibu.

SPONJI HUNYWA MAJI

Sidiria nyingi za siku hizi zina vipande viwili vya sponji, kimoja kila upande. Nyingine sponji zake zimeshonewa moja kwa moja. Nyingine zina mpasuko mdogo pembeni, na sponji huweza kutolewa na kurudishwa. Nguo za kuogelea za wanawake nazo mara nyingi huwa hivyo. Wanawake wengi hawajui kwamba sponji hizo hutolewa. Chukua sidiria yako, igeuze, utazame kwa ndani. Ukiona mahali pasiposhonwa, hapo ndipo mlango wa sponji.

Sponji ina matundu mengi madogo. Hunywa jasho, maji, povu la sabuni na maziwa ya mama anayenyonyesha. Kitambaa cha juu hukauka upesi, lakini sponji hubaki na unyevu. Unagusa nguo kwa mkono, unasema imekauka. Kumbe ndani bado ina maji.

MADHARA YAKE

Kwanza, fangasi. Fangasi hupenda joto na unyevu. Chini ya matiti pana joto na jasho, hasa kwa mtu anayeshinda shambani. Ukivaa sponji mbichi mahali hapo, fangasi hustawi. Ngozi huwasha, huwa nyekundu, huchubuka na kutoa harufu.

Pili, mama anayenyonyesha. Maziwa yakivuja huloanisha sponji. Chuchu zikikaa katika unyevu siku nzima, ngozi yake hulainika na kupasuka. Vijidudu hupata njia ya kuingia. Fangasi wanaweza kuwa kwenye chuchu za mama na mdomoni mwa mtoto, wakaonekana kama utando mweupe. Hapo mama na mtoto hutibiwa pamoja. Akitibiwa mmoja tu, humwambukiza mwenzake tena.

Tatu, inzi. Yupo inzi katika nchi nyingi za Afrika, pamoja na Tanzania, ambaye watu wengine humwita inzi wa maembe. Rangi yake ni manjano iliyochanganyika na kahawia. Inzi huyu hapendi jua kali. Hutaga mayai kwenye mchanga wa kivulini, na kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini. Baada ya siku 1 hadi 3 mayai huangua funza. Funza akigusa ngozi ya mtu hupenya, na mara nyingi mtu hasikii kitu. Kisha hutokea jipu lenye tundu dogo katikati. Jipu hilo si uchawi. Ni funza anayekua ndani ya ngozi.

Nguo nyingine huokolewa na pasi. Joto la pasi huua mayai ya inzi huyu. Lakini sponji haipigwi pasi, kwa sababu pasi ya mkaa itaiyeyusha. Kwa hiyo sponji haina mlinzi ila jua.

TUNAFICHA NINI?

Tazama kamba za nguo katika kijiji chako. Shati la baba liko juani. Sare ya mtoto wa shule iko juani. Sidiria ya mama iko wapi? Iko chini ya khanga, ili isionekane. Au iko chumbani, kwenye kamba nyuma ya mlango. Au imelazwa chini ya godoro. Khanga ile huzuia jua na upepo, na humpa inzi kivuli. Basi nguo inayogusa ngozi laini ndiyo tunayoinyima jua! Wahenga walisema: Mficha uchi hazai.

Sisemi tutupe heshima. Mama hataki nguo yake ya ndani itazamwe na mkwe wake wala na wapita njia. Hiyo ni haki yake. Lakini dawa ya macho ya watu ni ua. Baba mwenye nyumba anaweza kujenga ua mdogo nyuma ya nyumba, wa mabua, makuti au nyasi, ulio wazi juu. Macho ya watu hayaingii, jua linaingia. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi.

Akina baba, msiseme maneno haya ni ya wanawake tu. Mama akiugua ziwa, mtoto hunyonya kwa taabu. Kazi za shamba husimama. Nauli ya kwenda hospitali hutoka katika akiba ya nyumba nzima. Mnajenga mabanda ya kuku na mazizi ya mbuzi. Jengeni na ua wa kuanikia nguo.

Tena nawaambia mama zangu, sponji ikishatolewa haifanani na sidiria. Ni kipande cha sponji tu. Hata mkwe akiiona hataijua.

NAMNA YA KUFUA

1. Toa sponji kabla ya kufua. Fua sidiria peke yake na sponji peke yake.

2. Tumia maji safi na sabuni. Bonyeza sponji kwa kiganja mpaka uchafu utoke. Usiisugue kwa nguvu.

3. Suuza mpaka povu liishe. Sabuni ikibaki ndani huleta muwasho.

4. Usiisokote kama unavyokamua shuka, itakatika. Iweke katikati ya kitambaa kikavu, kisha bonyeza.

5. Anika juani, penye upepo, juu ya kamba au kichanja. Usianike chini wala kwenye majani. Igeuze upande wa pili.

6. Kabla ya kuirudisha, ibonyeze kwa nguvu. Ukisikia ubaridi wa maji, bado. Iache juani.

7. Sidiria yenyewe, ikiwa ni ya pamba, ipige pasi wakati sponji haimo.

Ikiwa sponji imeshonewa, anika nguo yote upande wa ndani ukitazama jua. Sponji iliyokatikakatika au yenye harufu isiyoisha, itupe. Sidiria hufanya kazi bila sponji.

Mama anayenyonyesha namshauri aziache sponji kwa muda. Badala yake akunje kitambaa safi cha pamba, akibadilishe kila kinapolowa. Sidiria isimbane, kwa sababu kubanwa huweza kuzuia maziwa kutoka, na ziwa likavimba.

Wengine watasema jua kali huharibu sponji. Ni kweli. Huifanya iwe ya njano, na baadaye humomonyoka. Lakini sponji mbovu hutupwa, maisha yakaendelea. Ngozi ya ziwa hainunuliwi mnadani.

Na tukitaja mnada, kuna jambo jingine. Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, limekataza kuingiza nchini nguo za ndani za mitumba. Hata hivyo bado zinaonekana minadani. Sponji iliyokunywa jasho la mtu usiyemjua si ya kuvaa. Afadhali sidiria moja mpya isiyo na sponji kuliko tatu za mtumba.

USINGOJE

Ukipata muwasho, vipele au jipu kwenye ziwa, njoo zahanati. Ziwa likivimba na homa ikapanda, njoo siku hiyo hiyo, wala usiache kumnyonyesha mtoto. Na ukiona uvimbe mgumu, chuchu iliyoingia ndani, majimaji ya damu, au ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, hayo si mambo ya kufua nguo. Huenda ni saratani. Njoo mapema uchunguzwe.

Katika darasa lenu la kisomo, zungumzeni jambo hili. Akina mama waulizane: sidiria zetu hukauka wapi? Akina baba waulizane: nani kati yetu amekwisha jenga ua? Atakayejibu kwamba hajajenga, mabua yapo na nyasi zipo. Aanze wiki hii.